HESHIMA YA KIONGOZI HAIMO KATIKA BARUA



Wiki hii twapenda kusema nanyi juu ya jambo linalotugusa sote hapa Mlola na Usambaa nzima. Kila mtu aliyepewa kazi ya kuwa juu ya wenzake, awe mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu, katibu wa ushirika, nyapara wa shamba la chai au katibu wa tawi letu, siku ya kwanza hukabidhiwa vitu vitatu: barua, muhuri na kiti. Vitu hivyo vyatosha kumfanya mkubwa wa kazi. Lakini imani ya watu haimo ndani ya bahasha ile. Hiyo aitafute mwenyewe, na wenye kuitoa ni wale atakaowaongoza, si yule aliyemteua.

Tarehe 27 Novemba 2024 nchi nzima ilichagua wenyeviti wa vijiji, wa mitaa na wa vitongoji, na muda wao ni miaka mitano. Wengi wao ni wanachama wenzetu. Ndiyo maana twaona yatupasa kuuliza sasa, kabla miaka haijayoyoma: kiongozi hupataje kuaminiwa, kuheshimiwa, na neno lake kufuatwa hata akiwa hayupo?

Majibu hayako mbali. Yamo katika milima hii hii.

Wazee wetu husimulia habari za Mbegha, naye Abdallah bin Hemedi 'l Ajjemy aliziandika katika Habari za Wakilindi. Mbegha alikuwa mwindaji aliyetoka Nguu. Alipofika Usambaa hakuwa na barua wala askari. Aliwakuta watu wanasumbuliwa na nguruwe mwitu waliokula mashamba yao. Akawawinda, na nyama akawagawia wenyeji, nao wakamletea vyakula vya mashambani. Watu walipogombana akawaamua kwa haki. Habari zake zikatangulia mbele yake, hata watu wa Vuga wakamwita awe mkuu wao. Tazameni mpango wa mambo hayo: kwanza kazi, pili ukarimu, tatu haki, na cheo kikaja mwisho. Siku hizi wako wenzetu watakao kuanza na cheo, na hayo mengine wayaahirishe.

Wasambaa wana maneno mawili ambayo kila kiongozi angefaa kuyaandika juu ya meza yake. La kwanza ni kuzifya shi, maana yake kuiponya nchi. La pili ni kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mfalme hakupimwa kwa ukubwa wa nyumba yake wala wingi wa watumishi. Alipimwa kwa mvua na mavuno, na amani njiani. Wakubwa wakipambana, nguvu kwa nguvu, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake, wazee walisema nchi hukauka na njaa huingia.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, jamaa zake waligombea utawala. Semboja wa Mazinde, aliyekaa bondeni karibu na njia ya misafara, alipata bunduki, na vita vikaenea. Watu wengi walikamatwa wakauzwa utumwani. Wakubwa walikuwa na silaha nyingi kuliko baba zao, lakini heshima yao ilikuwa ndogo. Tusidhani hayo ni ya kale tu. Ofisini pia mwenyekiti na mtendaji wakivutana nguvu kwa nguvu, ni mwananchi anayekauka. Atazungushwa leo kwa huyu, kesho kwa yule, na muhuri hapati.

Sasa tuje kwenye habari ya matuta. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na kuanzia mwaka 1950 ukapelekwa pande nyingine za Usambaa. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya kuzuia maji katika mashamba yao, wakakatazwa kulima penye miteremko mikali, na waliokaidi walipelekwa barazani wakatozwa faini. Mzigo mkubwa wa jembe ulikuwa wa kina mama. Siku za kulima na kupalilia chakula ziliishia katika kuchimba matuta, na wengi waliona udongo mzuri unafukiwa huku mazao yakipandwa katika udongo hafifu.

Twataka kusema kweli hata kama ni chungu. Waingereza hawakusema uongo kwamba udongo ulikuwa unakwenda na maji. Ulikuwa unakwenda, na hata leo mvua za masika zikipiga, mito yetu hushuka rangi ya matofali. Basi mbona watu walikataa? Kwa sababu aliyeamuru hakuwauliza wenye mashamba, na wengi waliogopa kwamba baada ya matuta ardhi yenyewe itachukuliwa. Tena wakubwa wetu wa jadi, waliokuwa kazi yao kuiponya nchi, walifanywa wasimamizi wa amri ya mgeni. Walipokuwa wakitoza faini ile, heshima yao ilimomonyoka upesi kuliko udongo. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuta milima hii imejaa watu waliokwisha kuchoka. Kabla ya mwaka 1960 mpango ule ulikuwa umeachwa, na matuta mengi yakasawazishwa kwa majembe yale yale yaliyoyachimba.

Hapo ndipo tofauti ya woga na heshima ilipoonekana. Anayeogopwa hufuatwa maadamu macho yake yapo. Anayeheshimiwa hufuatwa hata akiwa amelala kwake. Bwana shamba alipopanda gari akaondoka, matuta yalikwisha.

Mwaka 1981 kazi ya kuhifadhi udongo ilianzishwa tena huku Lushoto, mara hii Tanzania ikisaidiana na Ujerumani. Wakulima walishauriwa kupanda majani ya gwatemala na miti katika mistari inayokata mteremko. Majani yale yalishika udongo, lakini pia yalilisha ng'ombe aliyefungwa nyumbani, na ng'ombe akatoa maziwa na samadi. Mama aliyeona maziwa hakuhitaji kutishwa na faini. Shabaha ilikuwa ile ile ya mwaka 1946. Kilichobadilika ni kwamba mwenye shamba aliona faida yake katika maneno ya mshauri.

Lakini tusiwanyoshee kidole wakoloni peke yao. Mwishoni mwa mwaka 1973 ilitangazwa kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanakaa vijijini. Nia ilikuwa njema: shule, maji na zahanati viwe karibu na watu. Hata hivyo katika sehemu nyingi za nchi viongozi waliofanya haraka ya kupeleka taarifa juu walihamisha watu kwa nguvu, na wengine nyumba zao zilichomwa. Basi bendera kubadilika hakumponyi kiongozi na ugonjwa wa kuamuru. Ugonjwa huo hauna rangi.

Chama cha TANU kiliutambua ugonjwa huo. Mwongozo wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliyapokea maneno hayo kwa moyo wote. Kati ya mwaka 1971 na 1973 katika viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliweka zana chini, na mara nyingi kilio chao hakikuwa mshahara bali kutukanwa na kudharauliwa na meneja. Migomo mingine ilizimwa na waliogoma wakafukuzwa kazi. Lakini fundisho limebaki: mtu huvumilia mshahara mdogo muda mrefu kuliko anavyovumilia kudharauliwa.

Mfano mwema nao tunao. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kujenga chama na kuzungumza na watu. Wengi walishangaa mtu kuacha kiti ambacho hakijapata hata joto. Lakini mwisho wa mwaka ule ule wananchi walimchagua kuwa Rais. Tena mwaka 1984 alisema waziwazi kwamba kufuta serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 kulikuwa makosa. Je, heshima yake ilipungua? Hata kidogo. Kiongozi asiyekosa hayupo, na watu wanalijua hilo kabla yake. Wanachongoja ni kuona kama yeye naye analijua.

Basi, ndugu viongozi, twawapa ushauri wa kazi, si wa hotuba.

Kwanza, hesabu zisomwe. Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 287, yataka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukutane angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuhudhuria. Mchango wa darasa au wa bomba la maji ukikusanywa, mapato na matumizi yasomwe hapo, shilingi kwa shilingi, risiti zikiwa mezani. Mama aliyeuza debe la viazi apate mchango huo ana haki ya kujua umenunua mifuko mingapi ya saruji. Hakuna kinachoua imani upesi kama mchango usio na maelezo. Akiulizwa, kiongozi asikasirike. Anayeuliza bado ana tumaini nawe. Mche yule aliyenyamaza.

Pili, kutangulia kazini. Siku ya msaragambo mwenyekiti aonekane na jembe, si na daftari la majina tu. Mwalimu mkuu awahi shuleni kabla ya walimu wake. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulijifunza kwamba mwalimu anayefika akiwa ametayarisha somo lake hatafuti fimbo mara kwa mara. Kiongozi naye ni hivyo hivyo.

Tatu, kusikiliza kabla ya kuamua, na kuwasikiliza khasa wale watakaoubeba mzigo. Matuta yalijadiliwa na wanaume barazani na kuchimbwa na wanawake mashambani. Tusirudie kosa lile. Mkutano ukiitishwa saa ambayo kina mama wako shambani au sokoni, huo ni mkutano wa nusu ya kijiji.

Nne, mizani moja kwa wote. Ndugu yako akikata mti penye chanzo cha maji, faini yake iwe sawa na ya jirani asiye na mtu ofisini. Milimani kwetu sote ni jamaa, na habari haifichiki. Siku utakapomsamehe mjomba wako, umekwisha kuwasamehe wote, maana hapana atakayekubali tena kulipa.

Tano, ahadi ndogo zitimizwe. Ukisema utakuwa ofisini Jumatatu saa mbili asubuhi, uwepo. Mtu aliyeshuka kilima kwa miguu akakuta kufuli mlangoni hatakuamini utakapomwambia habari ya barabara na umeme. Imani hujengwa kama ukuta wa mawe: jiwe dogo likiwa mahali pake, kubwa hukaa.

Na ninyi wanachama msio na vyeo, nanyi mna sehemu yenu. Msimsifu kiongozi mkutanoni na kumsengenya njiani. Mwambieni kweli kwa adabu angali na nafasi ya kujirekebisha. Wale wanaopiga makofi kwa kila neno ndio wanaomwangusha, naye hajui anaanguka.

Twarudia neno la wazee: kiongozi huiponya nchi au huiharibu, hapana njia ya tatu. Mwaka 2029 miaka mitano itakuwa imetimia, na barua ile itakuwa karatasi iliyopita. Watu watatazama madarasa, vyanzo vya maji, daftari la hesabu, na jinsi walivyosemeshwa walipofika mlangoni. Kwa hayo watatoa hukumu yao. Tuanze kazi leo, tungali na siku.