Owino: Hati Kwanza, Gari la Zimamoto Baadaye

Soko likiungua Kampala, hukumu hutolewa kabla majivu hayajapoa: zimamoto walichelewa. Wachuuzi husema gari lilifika bila maji ya kutosha. Polisi hujibu kwamba njia zilizibwa na vibanda, na umati ukazidi kuziziba. Wakubwa wa jiji huahidi soko la kisasa. Haupiti muda mrefu, mbao mpya zimeshapigiliwa pale pale, mabati yamerudi juu, na kila upande umebaki na hoja yake. Pande zote tatu zinabishana kuhusu dakika za mwisho za tatizo lililoanza miaka mingi nyuma, kwenye karatasi za ardhi. Moto wa masokoni Kampala hautapungua mpaka mchuuzi awe na hakika kwamba akisogeza kizimba chake kupisha njia, hajaanza safari ya kufukuzwa.

Tuanze na Owino, ambalo jina lake rasmi ni Soko la St. Balikuddembe, kwa heshima ya shahidi Joseph Mukasa Balikuddembe aliyeuawa mwaka 1885. Liko katikati ya mji, ukingoni mwa mfereji wa Nakivubo, jirani na uwanja wa mpira wenye jina hilo hilo. Makumi ya maelfu ya watu hutafuta riziki humo. Mivumba, kama Waganda wanavyoiita mitumba, hurundikwa hadi usawa wa paa. Kuna viatu vya mpira, mikoba ya plastiki, magodoro, maturubai, na mama lishe wenye majiko ya mkaa. Vichochoro vya ndani vinapitisha watu wawili kwa taabu. Ukichukua kila kitu kinachoshika moto upesi, ukakipanga bila kuacha nafasi, kisha ukafunga milango usiku, hutahitaji upepo wala kiangazi kikali. Cheche moja inatosha.

Na cheche hazikosi. Umeme katika sehemu nyingi za mabondeni Kampala huunganishwa na kamyufu, fundi wa mtaani asiye na leseni, anayevuta waya mmoja kwenye vibanda vingi. Waya huo uliokusudiwa taa moja unabeba pasi, redio, chaja za simu na mashine ya kuchomelea vyuma. Mteja wa kamyufu si mjinga. Kuunganishiwa umeme kihalali kunataka anwani na uthibitisho kwamba una haki ya kuwa hapo ulipo. Asiye na hati ya kizimba anaupata umeme kwa njia anayoiweza. Kwa hiyo hata waya unaoanzisha moto una historia ya ardhi ndani yake.

Usiku wa tarehe 25 Februari 2009 Owino liliteketea. Watu walipoteza mtaji wa miaka mingi kwa saa chache, wengi wao wakiwa na mikopo isiyo na bima. Swali lililotawala baada ya hapo halikuwa waya wala jiko. Wachuuzi wengi waliuliza: nani anaitaka ardhi yetu? Shaka hiyo ilikuwa na msingi wake. Baraza la jiji lilikuwa limempa mwekezaji binafsi mikataba juu ya masoko kadhaa ya katikati ya mji, Owino likiwa mojawapo, na wachuuzi wakapinga vikali. Mikataba ilipovunjwa, serikali ilikubali kumlipa mwekezaji huyo fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 140. Sidai kwamba kuna aliyewasha moto kwa makusudi. Ninalodai ni kwamba pale ambapo ardhi ina bei ya namna hiyo na aliyekaa juu yake hana karatasi, kila moto utasomwa kama notisi ya kuhama.

Miaka minane baadaye shaka hiyo ilipata chakula kingine. Februari 2017, wachuuzi wa soko la Park Yard, lililopakana na Owino, walikuta vibanda vyao vimebomolewa usiku ili kupisha ujenzi mpya wa uwanja wa Nakivubo. Safari hii hapakuwa na moto, ila matokeo kwa mchuuzi yalifanana: asubuhi imefika na mahali pake hapapo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Afisa wa jiji akija leo na kamba na rangi nyeupe kupima njia ya gari la zimamoto, mchuuzi haoni njia. Anaona Park Yard.

Tatizo lenyewe ni hili. Kinachozuia moto kusambaa, iwe msituni au sokoni, ni nafasi tupu kati ya kitu kimoja kinachowaka na kingine. Ila nafasi tupu mjini ina mwenyewe. Kufungua njia ya mita nne ndani ya Owino ni kuwaondoa watu waliokaa kwenye mita hizo nne, na hakuna atakayekubali kuwa wa kwanza bila kujua atakaa wapi kesho. Anayeng'ang'ania kizimba chake anapiga hesabu sahihi kwa upande wake: moto huenda usije, lakini kufukuzwa ameshakuona kwa macho.

Sasa tupime majibu yanayotolewa kwa kawaida.

La kwanza ni kuongeza magari ya zimamoto na kubadilisha anayeyaongoza. Nchini Uganda kikosi cha zimamoto na uokoaji ni kurugenzi ya jeshi la polisi. Wapo wanaotaka kikabidhiwe Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, iliyoanza kazi mwaka 2011, kwa hoja kwamba anayetoa vibali vya ujenzi na kukusanya ushuru wa soko ndiye abebe na mzigo wa moto. Hoja hiyo ina uzito. Ipo pia sababu ya uhusiano na raia: ni vigumu kumkaribisha sokoni kama mkaguzi askari ambaye jana alikuja na mabomu ya machozi. Lakini majirani wameshajaribu njia zote mbili. Katiba ya Kenya ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti kazi ya zimamoto. Tanzania ilielekea upande mwingine, ikazitoa huduma hizo mikononi mwa halmashauri na kuunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Soko la Gikomba, Nairobi, liliungua usiku mmoja wa Juni 2018, watu 15 wakafa, na limeungua tena mara kadhaa. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua Julai 2021. Mifumo miwili inayopingana, na masoko yakaungua kote kote. Magari yanahitajika, na mabomba ya maji ya zimamoto yaliyofukiwa na ujenzi yanapaswa kufukuliwa. Lakini gari bora kabisa likisimama kwenye lango la kichochoro cha mita moja ni mtazamaji tu.

Jibu la pili ni kubomoa na kujenga ghorofa. Kampala ina mfano wake: soko la Wandegeya, lililojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kuta za zege ni afadhali kuliko mbao, na ngazi pana huokoa maisha. Hata hivyo jengo la zege si dawa ya peke yake. Jengo kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa miaka ya 1970, lilikuwa la zege, na ndilo lililoungua. Kinachowaka sokoni ni bidhaa, na ghorofa huzirundika bidhaa hizo juu kwa juu. Halafu kuna swali la nani atarudi. Ujenzi unachukua miaka, kodi ya kizimba kipya inapanda, orodha ya wapangaji inapita mikononi mwa watu wengi. Asiyeweza kusubiri anashuka barabarani na turubai lake, na hatari ileile inahamia mtaa wa pili.

Jibu la tatu, ambalo halitajwi sana Kampala, limejaribiwa Cape Town, mji unaounguliwa na misitu ya mlimani pamoja na vibanda vya mabondeni. Katika makazi ya Mtshini Wam, kati ya 2012 na 2013, wakazi walichora wenyewe ramani ya vibanda vyao, wakavipanga upya kwa mafungu yanayozunguka uwanja mdogo, wakaacha njia za kupita gari la zimamoto na mabomba ya maji. Vibanda vilijengwa upya pale pale, mtaa kwa mtaa. Nafasi ilipatikana kwa sababu kila mmoja aliiona sehemu yake kwenye ramani kabla ya nguzo ya kwanza kung'olewa.

Kampala yenyewe ina ushahidi wa karibu zaidi, tena kwenye jengo la nyasi. Makaburi ya Kasubi, walikozikwa Kabaka wanne, wafalme wa Buganda, yaliungua tarehe 16 Machi 2010. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba siku iliyofuata, Rais Museveni alipofika, umati ulijaribu kumzuia na askari wakaua watu kwa risasi. Baada ya hapo, UNESCO na Japani walisaidia kazi ya ukarabati na ya kinga dhidi ya moto, mafundi wa ukoo wa Ngeye wakaezeka paa kwa utaratibu wao wa jadi, na mwaka 2023 Kasubi ikatolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ilichukua miaka 13, na hakuna sababu ya kuisifu kasi hiyo. Lakini hakuna aliyewahi kuuliza kama walinzi wa makaburi wangerudi. Jambo hilo lilikuwa limeshatatuliwa, ndiyo maana mazungumzo yaliweza kuwa juu ya moto.

Mpango wa Owino, basi, ungeanzia mezani. KCCA ichapishe daftari la vizimba lenye ramani, kila mwenye kizimba na namba yake, libandikwe sokoni mahali pa wazi. Kanuni iandikwe kwamba moto ukitokea, hakuna nafasi itakayogawiwa mtu mwingine, na ardhi ya soko haitabadilishwa matumizi kwa miaka kadhaa. Kanuni hiyo ingemnyang'anya faida yeyote mwenye nia ya kuchoma soko ili apate kiwanja. Baada ya hapo ndipo kamba ya kupimia iingie: njia zifunguliwe, wanaopisha wapewe nafasi kwanza, kila fungu la vizimba liwe na mita yake na swichi moja ya kukata umeme usiku, na tangi la maji na pampu viwe ndani ya soko, mikononi mwa kikosi cha wachuuzi wenyewe kilichofunzwa na zimamoto.

Wapo watakaosema kuwapa wachuuzi hakikisho la namna hiyo ni kuufunga mji, kwa kuwa ardhi ya katikati ina matumizi bora kuliko mivumba. Huo ni mjadala halali, na jiji lina haki ya kuufungua hadharani, kwa fidia na kwa ratiba. Jambo ambalo jiji halina haki ya kulifanya ni kuuacha ukiwa haujaamuliwa. Kutokuamua huko ndiko kunakofanya vichochoro vibaki vyembamba na waya ubaki mikononi mwa kamyufu. Bajeti ijayo ikitaja magari mapya ya zimamoto, diwani wa Kampala ya Kati aulize swali moja kabla ya kupiga makofi: daftari la Owino limebandikwa wapi?