Moyo Hupataje Amri?

Askari wa zamu ya usiku husikia kishindo gizani, na kabla hajatambua kama ni mtu au mbuzi, moyo wake umekwisha kwenda mbio. Hatari ikipita, moyo hutulia. Ni nani aliyeuamuru?

Hapo mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wengi waliamini ya kwamba mishipa ya fahamu hupeleka amri kwa umeme peke yake, kama waya wa simu. Otto Loewi, profesa wa elimu ya dawa mjini Graz, Austria, hakuridhika. Kwa masimulizi yake mwenyewe, usiku mmoja aliota namna ya kulijaribu jambo hilo, akaamka, akaandika maneno machache, akalala tena. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake! Usiku uliofuata ndoto ilirudi, na safari hii hakuiamini karatasi. Aliondoka saa tisa usiku kwenda maabara.

Alitwaa mioyo miwili ya vyura, ikipiga ndani ya maji ya chumvi. Wa kwanza aliuacha na mshipa wake wa fahamu. Wa pili aliuondolea. Alipousisimua ule mshipa kwa umeme, moyo wa kwanza ulipunguza mwendo. Ndipo akachota yale maji, akayatia katika moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo, ingawa hapakuwa na mshipa uliougusa. Mishipa ya kuharakisha nayo ilipojaribiwa, maji yake yaliukimbiza moyo wa pili. Basi mshipa hutoa kitu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1921. Kile cha kupunguza mwendo kilikuja kutambuliwa kuwa asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi na Mwingereza Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel.

Msomaji wa Bujumbura atauliza, vyura wa Graz watuhusu nini? Watuhusu kwa sababu ya dawa ya wadudu. Mwilini, asetilikolini ikisha kufikisha ujumbe huvunjwa mara moja, na kiungo hupumzika. Dawa nyingi za kunyunyizia mimea, zile za jamii ya oganofosfeti, huzuia uvunjaji huo, na amri haikomi: mate na jasho hububujika, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, pumzi hubana. Gesi ya sarini, iliyoua watu katika treni za Tokyo mwaka 1995, hufanya kazi kwa njia iyo hiyo.

Na bado kuna nyumba ambamo masalio ya dawa ya shambani hutiwa katika chupa tupu ya soda na kusukumwa chini ya kitanda. Mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo. Akinywa, wengine hukimbilia maziwa. Maziwa hayaifungui mishipa. Hospitalini hutumiwa atropini, ambayo huufunga mlango ambao asetilikolini huubisha. Mgonjwa asitapishwe. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, apelekwe upesi, na chombo cha asili chenye jina la dawa kichukuliwe pamoja naye, maana chupa ya soda haimwambii daktari neno.