Mwelekeo wa Taa za Magari: Barua ya Wazi kwa Kikosi cha Usalama Barabarani, Mkoa wa Mwanza

Kwa Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani, Mkoa wa Mwanza
Nakala: Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), Mwanza
Yah: Kupima mwelekeo wa taa za mbele wakati wa ukaguzi wa magari

Taa ya mbele ya gari ina kazi mbili zinazovutana: kumwonesha dereva njia, na kutomchoma macho anayekuja mbele yake. Fulu, yaani mwanga wa mbali, hufanya kazi ya kwanza tu. Dimu, yaani mwanga wa karibu, ndiyo iliyobuniwa kubeba zote mbili, na haiwezi kuzibeba kama taa haikuelekezwa sawasawa. Ikiinuka kidogo, dimu ya huyu inakuwa fulu machoni mwa yule. Ikiinama mno, mwenye gari anaendesha gizani huku taa zake zinawaka. Kasoro hii haionekani mchana, kwa kuwa taa iliyopinda huwaka sawa na iliyonyooka. Ndiyo maana ukaguzi unaoishia kwenye swali la kama taa inawaka au haiwaki huipitisha bila shaka yoyote.

Dimu haimwagi mwanga ovyo. Ikimulikwa ukutani huchora mstari: juu giza, chini mwanga. Katika magari yaliyotengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto, mstari huo hulala sawa upande wa kulia, anakotokea dereva wa upande wa pili, na hupanda kidogo upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa barabara, mwenda kwa miguu na vibao. Japani huendesha kushoto kama Tanzania, kwa hiyo Probox, Noah au Hiace iliyoshushwa Dar es Salaam na kuletwa Mwanza imekuja na taa zenye umbo sahihi. Hali ni tofauti kwa gari lililotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia, kama Rwanda, Burundi na Kongo, ambazo malori yake huingia Kanda ya Ziwa kupitia Rusumo na Kabanga. Mstari wa taa za gari hilo hupanda kulia, yaani moja kwa moja kwenye macho ya dereva wa Kitanzania. Kasoro hiyo haiondolewi na skrubu. Huondolewa kwa kubadilisha taa, au kwa safari fupi, kwa kuziba sehemu ya kioo kwa tepu isiyopitisha mwanga.

Kipimo cha mwinamo hutajwa kwa asilimia. Kanuni Na. 48 ya Umoja wa Mataifa, ambayo watengenezaji wengi wa magari huifuata, inataka taa iliyo chini ya sentimita 80 kutoka ardhini ipangwe ikiwa imeinama kati ya asilimia 1 na 1.5 gari likiwa tupu na dereva yuko kwenye kiti. Asilimia 1 maana yake ni sentimita 10 kwa kila mita 10. Taa iliyo sentimita 65 juu ya ardhi, ikiinama kwa kiasi hicho, mstari wa mwanga wake hugusa lami mita 65 mbele. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, na kwenye lami kavu, kwa matairi na breki nzima, huhitaji takriban mita 65 hadi 70 kusimama, muda wa dereva kushtuka ukiwemo. Kwa hiyo hata taa iliyopangwa vizuri kabisa haina akiba. Mwinamo ukifika asilimia 2, mwanga unaishia kwenye mita 32 hivi, na anayetumia dimu hiyo hapaswi kuzidi kilomita 50 kwa saa, jambo ambalo hakuna anayelizingatia kwenye barabara ya Magu saa mbili usiku.

Upande wa pili wa hesabu ni mbaya zaidi. Taa hiyo hiyo ikiinuliwa hadi asilimia 1 juu ya usawa, mwanga wake kwenye umbali wa mita 50 unakuwa sentimita 115 kutoka ardhini. Hicho ndicho kimo cha macho ya dereva wa gari dogo. Jicho lililopigwa na mwanga wa namna hiyo huchukua sekunde kadhaa kurudi katika hali yake, na kwa mtu mwenye umri mkubwa huchukua zaidi. Katika sekunde hizo dereva hamwoni mwendesha baiskeli asiye na taa, wala kundi la ng'ombe lililochelewa kurudi zizini.

Mambo haya yana uzito zaidi Mwanza sasa kuliko miaka michache iliyopita. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, na Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3, likachukua nafasi ya kivuko ambacho magari yalikuwa yakikisubiri. Sasa gari linaweza kutoka Geita usiku, likavuka ghuba bila kusimama, likaibukia Usagara na kuingia mjini kupitia Buhongwa na Nyegezi. Giza limekuwa muda wa kawaida wa kusafiri.

Sababu kubwa ya taa kuinuka katika mkoa huu wala si fundi mbaya. Ni mzigo. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya gari dogo kuna kama mita 2.5. Nyuma ikishuka sentimita 5 tu, gari zima limeegemea kwa asilimia 2, na taa iliyokuwa imeinama asilimia 1 imeinuka asilimia 1 juu ya usawa: kile kile kimo cha sentimita 115 kwenye mita 50. Michomoko, yaani magari madogo ya abiria, inayotoka Mwanza ikiwa na abiria waliobanana na magunia ya dagaa nyuma hushuka zaidi ya hapo, hasa springi zikiwa zimechoka. Anayekutana nayo hupiga fulu mara mbili tatu kumkumbusha mwenzake apunguze, mwenzake hujibu kwa fulu kuonesha kwamba alikuwa kwenye dimu tangu mwanzo, na wote wawili wanapishana wakiwa hawaoni kitu. Wote wamefuata adabu ya barabara, na hakuna aliyekosea kwa makusudi.

Magari mengi yana tiba ya tatizo hili, ila haitumiki. Pembeni mwa usukani kuna kitufe kidogo cha kuzungusha chenye namba kuanzia 0. Kwenye 0 taa ziko kwa gari tupu. Kila namba inayofuata huziinamisha zaidi. Madereva wengi hudhani ni cha kuongeza ukali wa mwanga. Kwenye magari yanayojirekebisha yenyewe kuna sensa iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo nyembamba, na barabara za vumbi huivunja mapema. Bodaboda nayo huathirika vivyo hivyo: abiria akikaa nyuma, pua ya pikipiki inapanda. Taa yake hushikwa na nati mbili za pembeni, na kuilegeza, kuiinamisha na kuikaza upya ni kazi ya dakika moja kijiweni.

Sababu ya pili ni globu. Globu ya H4, iliyoenea sana katika magari madogo, ina nyuzi mbili: wati 55 kwa dimu na wati 60 kwa fulu. Chini ya uzi wa dimu kuna kijikombe cha chuma kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya kiakisi, kwa sababu nusu hiyo ndiyo ingeurusha juu. Mstari wa ukutani huzaliwa na kijikombe hicho na mahali hasa uzi ulipo. Anayeng'oa globu hiyo na kuchomeka ya LED au ya HID yenye chanzo cha mwanga kilichokaa vingine anapata mwanga mweupe mkali na kupoteza mstari. Karabai ya mvuvi wa dagaa ilitengenezwa kumwaga mwanga pande zote. Taa ya gari haikutengenezwa hivyo. Gari lililobadilishwa kwa namna hiyo haliwezi kupangwa kwa skrubu, maana hakuna mstari wa kupanga. Dawa ni kurudisha globu ya aina iliyoandikwa kwenye taa. Taa za LED zilizotoka kiwandani zikiwa sehemu ya gari ni suala jingine, na hazina kosa hilo.

Kuna pia plastiki ya taa kugeuka manjano kwa jua. Ukungu huo hutawanya mwanga hata pale mwelekeo ulipo sahihi. Kusugua kwa dawa ya meno husaidia kwa muda mfupi. Kusipofuatiwa na kupaka upya tabaka la kuzuia jua, manjano hurudi. Karibu na ziwa huongezeka makundi ya wadudu wanaoganda kwenye kioo usiku, na hao huondoka kwa maji na kitambaa. Gari lililogongwa mbele na taa yake kufungwa kwa waya halina mwelekeo wowote wa kupimwa.

Kupanga taa kwenyewe hakuhitaji mtambo. Kunahitaji ukuta uliosimama wima na sakafu iliyo sawa, na hilo la pili ni gumu kuliko linavyosikika katika mji uliojengwa juu ya miamba. Sehemu nyingi za Bugando, Mabatini na Igogo ziko mteremkoni, na gereji iliyo kwenye mteremko mdogo tu inaharibu kipimo chote, kwani sentimita 5 ndani ya mita 5 ni asilimia 1 nzima. Fundi makini hupima sakafu kwa pima maji au kwa mpira wenye maji kabla ya kuleta gari.

Gari huletwa likiwa na upepo sahihi kwenye matairi, bila mzigo, na mtu mwenye uzito wa dereva kwenye kiti. Kitufe cha kushusha taa huwekwa 0. Gari hutikiswa kila pembe ili springi zikae, kisha husimamishwa likitazama ukuta moja kwa moja, taa zikiwa mita 5 kutoka ukutani. Kimo cha kitovu cha kila taa hupimwa kutoka ardhini na kuhamishiwa ukutani, pamoja na mstari wa wima mbele ya kila kitovu. Chini ya kimo hicho huchorwa mstari mwingine: sentimita 5 kwa mwinamo wa asilimia 1. Kwa Fuso na mabasi ambayo taa zake ziko juu ya mita 1, mstari hushushwa hadi sentimita 7.5 au 10, kwa kuwa mwinamo wao ni kati ya asilimia 1.5 na 2.

Taa moja hufunikwa, nyingine huwashwa dimu. Nyuma ya taa kuna skrubu mbili, aghalabu za plastiki. Moja hupandisha na kushusha, nyingine hupeleka kushoto na kulia. Zikiwa hazijaguswa miaka mingi huwa ngumu, na kuzilazimisha huzivunja. Mstari wa mwanga hushushwa mpaka ulale juu ya mstari uliochorwa, na ile kona unapoanzia kupanda kushoto iwe kwenye mstari wa wima. Kisha huja zamu ya taa ya pili. Katika taa zenye globu ya H4, fulu hufuata yenyewe, kwa sababu nyuzi zote mbili zimo ndani ya kiakisi kimoja.

Mashine ya kupimia hufanya kazi ile ile ndani ya nafasi ndogo. Ni kisanduku chenye lenzi kinachoteleza juu ya nguzo; husogezwa mbele ya taa kwa chini ya mita 1, na mstari huonekana kwenye kioo cha ndani chenye alama za asilimia. Japani, gari binafsi hurudi kwenye ukaguzi wa lazima kila baada ya miaka miwili, na dimu hupimwa mwelekeo na ukali, usiopungua kandela 6,400 kwa kila taa. Uingereza hupima mwelekeo kila mwaka. Magari yaliyozoea vipimo hivyo huko yalikotoka ndiyo yanayotembea Mwanza kwa miaka kumi au ishirini zaidi, na hakuna sababu ya kipimo hicho kukoma yakishavuka bahari.

Wajibu wa Kikosi hapa hauhitaji sheria mpya kabla ya kuanza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeshawapa wakaguzi wa magari uwezo wa kukagua na kulizuia gari bovu. Kinachohitajika ni ukuta mmoja mweupe na sakafu moja iliyosawazishwa kwenye kila eneo la ukaguzi, na mashine moja ya kuhamishika kwa mkoa. Stika ya ukaguzi ya Nenda kwa Usalama isibandikwe kabla ya mstari wa dimu kuonekana ukutani. VETA ina mafundi wa kuwafundisha wakaguzi na wenye gereji kazi hii kwa siku moja. LATRA nayo inaweza kulifanya sharti la leseni ya basi la usiku na ya mchomoko, na upimaji wa michomoko ufanyike ikiwa na mzigo wake wa kawaida, jioni, kwenye vituo vya Nyegezi na Nyamhongolo, kwa sababu mchomoko mtupu mchana hautaonesha lolote. Dereva atakayekutwa na taa zilizoinuka aoneshwe kwanza kitufe kilicho pembeni mwa usukani wake. Faini imsubiri aliyebadilisha globu. Kikosi kianze na barabara ya Usagara hadi Mwanza mjini.