Wanaohukumu Bila Kutazama



Neno hili limetufikia mara nyingi mno hata hatuwezi kulinyamazia tena. Linasemwa mikutanoni, linarudiwa mlangoni pa kanisa baada ya Misa, na sasa linataka kugeuka sheria: kwamba vijana wetu, na hasa wasichana, wakatazwe kuingia katika vibanda vya video siku ya Jumapili, kwa sababu huko hutazama maonyesho ya waimbaji wa rika lao na kupiga kelele kama watu waliopagawa. Wanaosema hivyo ni wazazi wetu na walezi wetu, nasi tunawaheshimu. Lakini heshima haituzuii kuwaambia kwamba katika jambo hili wamekosea, tena kosa lenyewe si dogo.

Tuanze na kile kinachotokea. Kibanda ni chumba cha udongo chenye paa la bati, benchi sita au saba, televisheni moja, na jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta. Sisi huku kusini mwa Maniema hatuna majumba ya sinema. Filamu hutufikia ndani ya kadi ya simu, katika mfuko wa dereva wa pikipiki aliyevumilia barabara ya Kindu, au wa mchuuzi arudiye kutoka Salamabila. Watoto wa msikitini na watoto wa parokia hukaa benchi moja, jambo ambalo hata sikukuu zetu hazilifanikishi kila mara. Mwimbaji akitokea, wasichana huinuka, hulia, huimba pamoja naye maneno ya lugha ambayo nusu yake hawaijui. Wavulana walioketi nyuma huwacheka. Mzee apitaye njiani husikia kelele, hutikisa kichwa, kisha hupeleka habari mkutanoni. Hakuingia. Tunawaomba mlishike neno hilo moja, kwa kuwa ndilo chanzo cha ugomvi wetu: hakuingia.

Ugomvi huu haukuzaliwa Kasongo. Mwezi wa Februari 2011 ilitoka huko Marekani filamu iitwayo Justin Bieber: Never Say Never, iliyoongozwa na Jon M. Chu. Baadhi yetu tuliitazama miaka mingi baadaye, katika skrini ya simu iliyopasuka, bila ile miwani ya pande tatu ambayo watazamaji wa kwanza walivaa. Kiini chake ni onyesho la tarehe 31 Agosti 2010 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, ambao tiketi zake, filamu yenyewe inatuambia, ziliisha kwa dakika 22. Mwimbaji alikuwa na umri wa miaka 16. Tunaonyeshwa utoto wake Stratford, mji mdogo wa Kanada, alikolelewa na mama aliyemzaa akiwa bado kijana sana. Tunamwona akipiga ngoma angali mdogo, tena akiimba barabarani na gitaa mbele ya jumba la michezo ya kuigiza. Baadaye sauti inamwisha, onyesho moja linaahirishwa, na daktari anamwamuru anyamaze kabisa. Kabla ya kupanda jukwaani, yeye na wenzake hushikana mikono na kusali.

Lakini sehemu iliyotugusa kuliko zote haimhusu mwimbaji. Ni ile ambapo watu wake wanatoka nje ya ukumbi na kuwatafuta wasichana waliokuja bila tiketi, wakawapa bure. Tazameni nyuso zile. Msichana anaipokea karatasi, anaisoma, anamwangalia mama yake, ndipo analia. Hayo si mapepo. Ni mtu aliyekuwa amekwisha kujizoesha kwamba mlango haukuwekwa kwa ajili yake, na ghafla mtu amemfungulia. Ni nani kati yetu, katika nchi hii ya milango iliyofungwa, asiyeyajua machozi hayo?

Sasa sikilizeni jinsi filamu hiyo ilivyopokewa. Walioingia ukumbini na kuulizwa maoni yao siku za kwanza na kampuni ya CinemaScore waliipa alama ya A. Wakati huohuo, katika tovuti ya IMDb, ambapo mtu yeyote aweza kuipima filamu yoyote, watu kwa maelfu waliishusha hadi chini ya alama 2 kati ya 10, ikahesabiwa miongoni mwa filamu mbaya kuliko zote zilizopata kutengenezwa. Filamu ileile. Haiyumkiniki kwamba wote hao walinunua tiketi na kukaa saa nzima na zaidi wakitazama kitu walichokichukia. Walikuwa wakimpigia kura ya chuki mvulana mwenye nywele nzuri, na nyuma yake waliwalenga wasichana waliompenda. Hawakuingia, nao.

Katika Kanisa tunafundishwa tangu katekisimu ya kwanza kwamba kumshuhudia jirani uongo ni dhambi. Tunadhani mara zote kwamba shahidi wa uongo ni yule aliyeona jeupe akasema jeusi. Yuko mwingine: yule ambaye hakuona chochote, na bado akasema.

Wapo watakaojibu kwamba kelele zenyewe zatosha kuwa ushahidi, kwa maana mtu mwenye akili timamu halii kwa ajili ya mtu asiyemjua. Kwa hao tunaleta kumbukumbu moja tu. Tarehe 14 Desemba 2010, wiki nane kabla ya filamu hiyo kutoka, TP Mazembe ya Lubumbashi iliifunga Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0 huko Abu Dhabi na kuingia fainali ya dunia ya vilabu, jambo ambalo timu yoyote ya Afrika haikuwa imelifanya. Baba zetu walifanya nini? Walilia. Waliwakumbatia watu wasiowajua. Golikipa Robert Kidiaba alikuwa na desturi ya kusherehekea bao kwa kurukaruka chini akiwa ameketi, na tumewaona kwa macho yetu watu wazima wenye wajukuu wakijaribu mchezo huo vumbini, mbele ya wake zao. Siku nne baadaye Inter ya Milano ikatufunga 3 kwa 0, nao wakalia tena. Hakuna aliyeitisha mkutano wa parokia. Hakuna aliyesema wamepagawa. Je, baba akimlilia golikipa wa Lubumbashi ambaye hajawahi kuonana naye ni shauku, na binti yake akimlilia mwimbaji ni wazimu? Atuonyeshe mtu tofauti iliyopo, tukiacha ile ya suruali na kitenge.

Na tena, mwaka uleule wa 2010 mtoto wa Goma mwenye miaka 13, Innocent Balume, ambaye leo dunia humwita Innoss'B, alishinda shindano la uimbaji la Vodacom. Mashariki yote ilijivuna, wazee pamoja nasi. Kelele zilizopigwa kwa ajili yake ziliitwa furaha, kwa kuwa alikuwa wetu.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba upande wetu hauna doa. Tumeitazama filamu ile kwa kupenda, na kwa sababu hiyo tumeona pia kile ambacho asiyetazama hawezi kukiona. Kamera haimwachi msichana. Inamfuata barabarani, inamsogelea analia, inamuuliza anampenda kiasi gani, na jibu lake linawekwa ndani ya filamu, kisha yeye mwenyewe anauziwa tiketi ili akajione. Filamu ilitengenezwa kwa dola milioni 13 hivi, ikavuna karibu milioni 99 duniani kote. Machozi yalikuwa mali ghafi, kama dhahabu ya Namoya: yanachimbwa kwa mwenye shamba, faida inapanda ndege. Na huyo mvulana aliyekuwa katikati ya yote? Mwaka 2019 aliandika hadharani kwamba alipofikia umri wa miaka 19 alikuwa akitumia dawa za kulevya kali, na kwamba umaarufu ulimgeuza kutoka mtoto aliyependwa kuwa mtu aliyechukiwa na kudharauliwa. Waliompigia kura ya chuki hawakumdhuru peke yao. Waliomwuza walifanya kazi yao pia.

Hilo ndilo shitaka halali dhidi ya maonyesho haya, na wazee wetu wangelileta, tungelisikiliza tumesimama. Lakini hawalileti, kwa sababu hulipati ukiwa nje ya mlango.

Wengine watatukumbusha Kinshasa, na wana haki. Tarehe 29 Oktoba 2022 watu 11 walikufa katika Uwanja wa Mashujaa, Stade des Martyrs, siku ya onyesho la Fally Ipupa, kwa msongamano wa umati uliozidi nafasi. Fally ni mtu mzima na mashabiki wake ni wa kila umri, lakini funzo linatuhusu. Tunawaombea marehemu wale. Hata hivyo tuulize: waliuawa na nini? Na mapenzi yao kwa muziki, au na milango iliyoingiza watu kupita kiasi? Hata Serikali siku ile iliwalaumu waandalizi. Tena, miezi mitatu baadaye, tarehe 2 Februari 2023, uwanja huohuo ulijaa vijana na makatekista waliokuja kumsikiliza Papa Fransisko. Waliimba, wakacheza, wakapiga kelele hata mara kwa mara ilimbidi Baba Mtakatifu angoje. Wala hakuwakaripia. Aliwaambia wazitazame mikono yao, akawahesabia vidole vitano, kila kidole na neno lake: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, huduma. Alizikuta sauti zile, akazipa kazi.

Sisi ni wana wa akina mama wapigao vigelegele. Padri mpya akiwekewa mikono, ni nani anayewanyamazisha? Bibi arusi akitoka nyumbani Kabambare, ni nani anayesema wanawake wamepagawa? Sauti ya furaha imepewa nafasi yake katika maisha yetu tangu zamani, na msichana wa miaka 14 ameirithi kama alivyorithi wimbo wa kubembeleza mtoto. Kinachowaudhi watu ni kwamba safari hii ameichagua mwenyewe mahali pa kuipeleka.

Na hapa tunafika kwenye jambo ambalo kwetu ni zito kuliko filamu yoyote. Tujiulize huyo msichana anapaza sauti wapi pengine. Shuleni, kama bado yumo, maana wengi hutolewa wakiwa katika umri huohuo ili waolewe au wakalee wadogo zao. Nyumbani anaamka wa kwanza kwenda kisimani. Vurugu za watu wenye silaha zinapozuka upande wa Kabambare, yeye ndiye anayebeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na hakuna anayemwuliza tukimbilie njia ipi. Parokiani anafagia kanisa Jumamosi, anaimba kwaya Jumapili, na katika mkutano wa vijana, tuungame ndugu zangu, ni wavulana wanaosema. Tumeshika madaftari ya mikutano yetu wenyewe na kuona haya: msichana anaandikwa mwandishi wa kumbukumbu, kwa sababu ana mwandiko mzuri, na mawazo yote anayoyaandika ni ya wengine. Wiki nzima hakuna aliyemsikia. Jumapili mchana, kwenye benchi la kibanda, kwa faranga chache, anapiga kelele. Ndipo tunamsikia, na jambo la kwanza tunalotaka ni anyamaze.

Kwa hiyo tunakataa katazo hilo, na tunalikataa wazi. Likipitishwa, wasichana watakwenda mbali zaidi, katika nyumba ambazo sisi hatuzijui, usiku badala ya mchana, na wale wenye nia mbaya watakuwa wamepata bure kile walichokitafuta. Tunadai pia jambo kwa wenye vibanda: waache kuonyesha filamu za aibu saa ambazo watoto wapo, kwa kuwa tunajua zipi huwekwa jioni inapoingia na ni nani hukaa nyuma akijifanya mdogo. Hilo ni kosa la kweli, nasi tutalisema mbele yao bila kuogopa.

Kwa wavulana wanaocheka nyuma tuna neno fupi. Kicheko chenu hamkukianzisha. Ni cha wale maelfu waliopiga kura bila kutazama. Ninyi afadhali mmelipa kiingilio. Basi tazameni.

Na kwa wazazi wetu tunaleta ombi. Njooni mara moja tu. Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, baadhi yetu tutakuwa kwenye benchi la nyuma, wavulana na wasichana, na filamu ikiisha tutatoka nje, mbali na jenereta ili tusikilizane, tukae chini ya mwembe tuulizane tumeona nini. Msichana ndiye atakayeanza kusema. Kiingilio chenu tumekwisha kukichanga.