Mushahara ukihesabiwa na ordinatere, nani atasoma ordinatere?

Wazazi wengi wa kambi wanatuuliza swali moja: mutoto anasoma informatike ku iniversite, na sasa amefika ku kozi ya kompilatere, inamuumiza kichwa. Si afazali aiache, afungue kanyumba ka fotokopi? Sisi wa sindika tunajibu: hapana, asiache.

Kompilatere ni programu inayogeuza maandishi ya mutu kuwa amri za mashini. Mwaka 1957, John Backus na wenzake wa IBM kule Marekani walitoa ile ya luga ya FORTRAN. Mbele ya pale, wengi waliandika amri za mashini kwa mukono, moja moja. Inatumika sawa usine yetu. Kwanza inavunja maandishi vipande vipande, kama konkasere. Kisha inaangalia kama vipande vimepangwa kufuata sheria za luga, vibaya inavirudisha. Inaondoa kazi ya bure. Mwisho inatoa 0 na 1, kama sisi tunavyotoa kathode.

Inatuhusu nini? Mu kampuni moja, ndugu zetu wa posti ya usiku walikosa saa za nyongeza. Walitumika kuanzia saa 18 mupaka saa 6 asubui: saa 12, kupita zile sheria yetu ya kazi inaruhusu kwa siku. Lakini programu ilikata posti katikati ya usiku: saa 6 leo, saa 6 kesho. Nyongeza: sifuri! Tulipouliza, bureau wakasema: "Ordinatere haikosei."

Ni kweli, ilitii tu. Kijana mumoja, mwana wa mutumishi, ndiye alituelezea: kompilatere inapima kama maandishi yanafuata sheria ya luga, haipimi kama yanafuata sheria ya inchi. Aliyekosa ni mutu aliyeandika. Na maandishi yake yalibaki kwa muuzaji wa programu. Kampuni iko na 0 na 1 tu. Kuzisoma ni sawa kuuliza kathode ilitoka mu shimo gani.

Siku ile tulishinda juu ya makaye: kila mutu alikuwa ameandika saa zake. Lakini kesho? Kule Kibali, mu Haut-Uélé, tayari mashini zinabeba mawe chini ya udongo, operatere amekaa juu. Programu zitaongezeka.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Mu mazungumuzo na waajiri, delege adai kuonyeshwa kanuni ya kuhesabu mushahara, imeandikwa wazi. Na ile 0,3% ya mauzo, ambayo Kodi ya migodi ya 2018 inatenga kwa maendeleo ya vijiji na mitaa yetu, ilipie pia minervali ya batoto hawa.

Wazazi, muwaache wasome. Na nyinyi batumishi, musitupe makaye.