Pesa ya Chuma: Kosa la Kiwanda ao Jeraha la Njiani?



Mama mmoja alituletea pesa ya chuma ya faranga 5, ya mwaka 1952, yenye picha ya mti na maandishi Congo Belge na Ruanda-Urundi. Wazee wetu wa Congo na wenyeji wa hapa Burundi waliitumia hiyo hiyo moja. Ilikuwa na tundu. Muuzaji alimwambia eti ni kosa la kiwanda, Bulaya wanalipa dola nyingi. Mama akauza maharagwe ya watoto, akainunua. Tulipoiangalia pamoja, kumbe tundu ni la msumari! Mtu aliivaa shingoni zamani. Na maharagwe yamekwenda.

Basi tuelezane. Kiwandani, kipande cha madini kinawekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mashine inagonga. Kosa la kweli linazaliwa hapo tu. Kinachotokea baadaye mfukoni, motoni ao barabarani ni jeraha, na jeraha linapunguza bei.

Tuangalie hivi:

1. Mstari. Pitisha ukucha. Ukiwa umevimba juu, huenda muhuri ulipasuka na madini yakaingia katika ufa. Ukiwa umechimbika ndani, mara nyingi ni mkwaruzo.

2. Tundu. Senti za zamani zenye tundu la kiwanda zina maandishi yanayolizunguka vizuri. Tundu la msumari linakata herufi, na madini yanasukumwa upande mmoja.

3. Picha iliyokosekana. Muhuri ukigonga pembeni, sehemu tupu inabaki nzima, na picha iliyobaki inaonekana wazi. Ikipigwa nyundo, herufi zinalala na kupanuka.

4. Kufutika. Pesa iliyochakaa inaanza kuisha sehemu zilizoinuka. Lakini herufi moja ikikosekana na jirani zake ni kali, pengine muhuri ulizibwa na uchafu wa mafuta.

5. Uzito. Ipime na mwenzake wa aina ile ile. Iliyoliwa na asidi ni nyembamba na nyepesi.

Na hata kosa la kweli si lazima lilete utajiri. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wadachi waliotawala hapa pia walikosa pesa za chuma, wakazitengeneza wenyewe Tabora kwa haraka: heller 5 na heller 20, zenye herufi T. Mwezi wa 9 mwaka ule askari wa Congo chini ya Wabelgiji waliuteka mji. Heller 20 hizo nyingi zina mistari ya ufa na picha zilizokaa vibaya. Kwa kuwa makosa ni mengi, mstari mmoja peke yake hauongezi bei sana.

Shauri letu: usisugue pesa ya zamani kwa mchanga wala ndimu, maana hapo unaijeruhi wewe mwenyewe. Usiuze posho kwa ajili ya hadithi ya mtu. Akikuharakisha, mwambie, "Ngoja kwanza niilinganishe na ingine." Mwenye kitu cha kweli haogopi kungojewa.

Kama babu alikuachia moja, itunze hata imetobolewa. Shingoni kwake ilikuwa na kazi yake.

Tuonane mwezi ujao.