Bahari ya Ndani au Bahari Kuu?

Mfasiri afunguapo kamusi ya Kihispania kutafuta neno la "ndani", humiminiwa maneno mengi kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo makosa yaanzapo. Dentro ni mahali kitu kilipo: kisu kimo sandukuni. Adentro ni mwendo wa kuelekea ndani, ingawa katika nchi za Amerika wasemako Kihispania wengi hulitumia pia badala ya dentro. Ndani ya mkate, ile sehemu laini isiyo ganda, ina jina lake: miga. Matumbo ni entrañas, na neno hilohilo hupandishwa cheo likawa moyo wa mtu na vilindi vya ardhi. Waliosoma Kiarabu hawatastaajabu, kwani batn ni tumbo, na katika mzizi huohuo ndimo itokamo batini, yaani yaliyofichika.

Lakini kubwa ni hili la adentro. Likifuata nchi, tierra adentro, maana yake ni bara. Likifuata bahari, mar adentro, ni bahari kuu, huko ambako nchi kavu haionekani tena. Msemaji amesimama ufukoni, na "ndani" kwake ni kokote kumtengako na pwani.

Mwaka 2004 Alejandro Amenábar alitoa filamu Mar adentro, juu ya Ramón Sampedro, baharia wa Galicia aliyejitupa majini mwaka 1968, akavunjika shingo na kupooza, akaishi kitandani akidai haki ya kufa hadi alipofariki mwaka 1998. Kwa Kiingereza filamu hiyo ikapewa jina lenye maana ya "bahari iliyo ndani". Jina tamu, sikatai. Lakini bahari imezolewa ikatiwa kifuani mwa mtu. Katika filamu, mgonjwa huyu huruka dirishani kwa mawazo mpaka baharini. Atoka, haingii! Kama bahari hiyo imo moyoni mwake pia, na alione hilo mtazamaji mwenyewe. Si kazi ya mfasiri kumtangulia.

Sisi watu wa pwani hatuna udhuru. Bara tunayo, bahari kuu tunayo, na vilindi tunavyo. Tukiipokea Kihispania kwa mkono wa Kiingereza, tutapoteza hata kile tulichokuwa nacho nyumbani. Basi kabla hujaandika "ndani", ewe mfasiri, uliza kwanza: msemaji amesimama wapi?